Baba Mkwe Wangu Amekwama Mpakani

Baba mkwe wangu alikuwa na jina. Kwa miaka mingi, kati ya watu wote walio hai, aliyelijua alikuwa mmoja tu, naye ni mimi, ambaye sina ruhusa ya kulitamka. Mjukuu wangu anayeandika maneno haya ameinua kalamu na kunitazama mdomoni, akidhani huenda leo nitateleza. Sitateleza. Inamisha kichwa uandike.

Niliolewa katika vilima vya Ileje. Kwetu sisi Wandali, mke hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, wala halitaji jina lake. Akisikia kikohozi chake hupinda kona. Asipopata kona hujikunyata nyuma ya ghala, au nyuma ya jiko, au nyuma ya mgomba wowote ulio karibu, mpaka mzee apite. Nilijikunyata hivyo kwa miaka kumi na mitano. Goti langu la kushoto huniuma kila masika. Daktari anasema ni uzee. Mimi ninajua ni baba mkwe.

Siku ya kuolewa, shangazi wa mume wangu alinipeleka nyuma ya nyumba akaninong'oneza jina hilo sikioni, mara moja. Hakunipa ili nilitumie. Alinipa ili nijue ni kipi nisichopaswa kusema, kama mgeni anavyoonyeshwa shimo la takataka ili asije akatumbukia.

Wengine hawakuwa na haja nalo. Wanawe walimwita Tata, yaani baba. Majirani walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Serikali ilimwandika kwa jina la ukoo, na hilo ndilo wajukuu wanalolibeba shuleni hadi leo. Kanisani hakuandikwa kabisa. Mchungaji wa kwanza kupanda vilima vile alimfuata hadi shambani. Baba mkwe akatokea upande wa pili wa shamba. Mchungaji akazunguka; baba mkwe naye akazunguka. Walizungukana misimu kadhaa, hadi mchungaji akahamishwa. Rika lake lote limekwisha. Mume wangu, aliyelijua jina hilo, alikufa bila kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Baada ya kumzika mume wangu, mwanangu alinileta hapa Tunduma, akanijengea chumba katika ua wake, na jiko langu mwenyewe. Mwanangu ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa karatasi za lori zimekamilika kabla halijavuka kwenda Zambia. Nafasi moja ikiachwa tupu katika fomu, lori hulala foleni, dereva hutukana, na nyanya huoza. Kwa sababu hiyo mwanangu ameigawa dunia katika sehemu mbili: vitu vilivyovuka na vitu vilivyokwama. Nimemlea mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mke wake ni Mnamwanga wa Ndalambo, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Ni ndugu hao wa ng'ambo waliowapa dini mpya: kanisa ambalo waumini wake watu wa mjini huwaita Wamormoni. Mchungaji wetu wa zamani alisema si Wakristo. Wao wakasema ni Wakristo sana. Mimi sikuingilia. Nilikuwa nimeshaona wanaume wawili wakizungukana shambani kwa sababu ya dini, na nilijua jambo hilo halimalizwi kwa maneno.

Kisha wakaja wahubiri wao nyumbani. Walikuwa vijana wawili, shati jeupe, tai, viatu vinavyong'aa katika vumbi letu hili, na beji nyeusi kifuani yenye jina, kwa yeyote ajuaye kusoma. Mmoja alikuwa Mzambia, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba, hasa mukwai, neno lao la heshima. Mwanangu akasimama kuwatambulisha.

"Mama, huyu ni Mzee, na huyu naye ni Mzee."

Nikawatazama. Ndevu hawakuwa nazo hata za kukopa.

"Wazee wa nini?" nikauliza.

"Ni cheo chetu, Dada," akajibu yule Mzambia kwa heshima kubwa.

"Dada ni nani?"

"Ni wewe, mukwai. Kwetu kanisani wanawake wote ni dada."

Hivyo siku hiyo, uani kwangu, mtoto wa miaka kumi na tisa alikuwa mzee, nami mwenye wajukuu saba nikawa dada yake mdogo. Ningewafukuza. Lakini waliinama kunisalimu vizuri, waliniosha vyombo bila kuombwa, na walisema jambo moja lililonishika. Walisema ndoa katika kanisa lao haikomi mtu anapokufa. Mume na mke wakifungwa pamoja hekaluni, hufungwa milele, hata kama mmoja ameshatangulia.

Mume wangu alikuwa amekufa miaka minne. Sikuwa nimemaliza kumgombeza. Kulikuwa na mambo ya shamba, na mambo ya ng'ombe mmoja, na neno moja alilolisema mbele ya dada zangu, ambayo yote yalihitaji jibu. Nikafikiri: milele itatosha.

Nikabatizwa mwezi wa Juni, mwezi ambao hata mbwa wa Tunduma hawatoki jikoni. Walinivalisha nguo nyeupe wakanizamisha mzima mzima, kichwa na yote. Nilipoibuka, meno yaligongana hivi kwamba mkwe wangu alidhani ninanena kwa lugha. Nikaacha chai, kwa kuwa wanakataza chai. Nikaacha kahawa, mimi niliyeipalilia kahawa tangu nikiwa binti na kukausha mbegu zake kwa mikono hii. Pombe ya ulezi sikuwa na haja ya kuiacha. Sijawahi kuionja, na wanaonijua wanasema inaonekana. Kila asubuhi nilikunywa maji ya moto na sukari, nikamwaza mume wangu, nikajiambia kwamba deni lake la maneno linazidi kukua.

Niseme ukweli: walikuwa watu wema. Mkwe wangu alipolazwa, wanawake wa kikundi kile walipeana zamu ya kumpikia, na hawakumhubiria akiwa na dripu mkononi.

Taabu ilikuja na fomu.

Wamormoni huwabatiza hata wafu. Hawawafukui, mtu aliye hai huzamishwa majini kwa niaba ya babu yake, na jina la babu hutajwa. Kwa hiyo kila muumini huhimizwa kutafuta majina ya waliomtangulia. Mwanangu na mkewe walikuwa wanajiandaa kwa safari ya hekaluni, katika nchi nyingine, mbali. Jioni moja mwanangu alikuja kwangu na karatasi kubwa yenye mistari iliyotawanyika kama matawi ya mti. Upande wa mkewe ulijaa hadi pembeni. Wanamwanga hawana haya. Upande wake ulikuwa na jina lake, la baba yake, na kisha nafasi tupu.

"Mama, jina la babu. Si la ukoo. Lake mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Mama, ni mimi na wewe tu hapa."

"Na yeye," nikasema.

Akageuka kutazama nyuma. Nilimlea vizuri kiasi hicho.

"Mama, babu alifariki kabla sijaanza shule."

"Je, alipofariki aliacha kuwa baba mkwe wangu?"

Akafunua karatasi magotini, akachukua ile sauti anayoitumia kwa madereva. "Sikiliza, Mama. Wote watavuka. Baba atavuka, wewe utavuka, sisi tutavuka. Babu peke yake amekwama mpakani, kwa ajili ya nafasi moja. Nafasi moja tu! Mzigo uko salama, gari ni zima, dereva yuko macho. Anakosa jina."

"Babu yako hakuwa nyanya," nikamjibu. "Hataoza."

Akaondoka bila kula. Kuanzia siku hiyo hakula tena jikoni kwangu. Kila asubuhi alisimama mlangoni, "Shikamoo, Mama," nami, "Marahaba," naye akapita, kama mtu apitavyo mbele ya askari. Hatukugombana. Ingekuwa nafuu tugombane. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, ukuta mmoja kutoka kwangu, na kila siku alinisalimu kwa adabu iliyokuwa inanichoma.

Mjukuu wangu, huyu huyu, alijaribu njia yake. Alikuwa amesikia kwamba mke wa Kindali huepuka hata neno linalofanana na jina la baba mkwe, akaamua kunitega.

"Bibi, sema ulezi."

"Ulezi."

"Sema nyuki."

"Nyuki."

"Sema jiwe."

"Jiwe. Na fimbo pia ninaweza kuisema, mke mwenzangu. Unaitaka?"

Akakimbia. Naona sasa anacheka badala ya kuandika.

Nikaona nilipeleke shauri kwa wazee, nikimaanisha wale watoto wawili. Niliwakalisha kwenye benchi, nikawapa karanga.

"Baba mkwe wangu alimkimbia mchungaji maisha yake yote," nikawaambia. "Mnataka kumbatiza sasa ambapo hawezi kukimbia?"

"Hapana, Dada. Huko aliko ana hiari. Anaweza kukubali, anaweza kukataa."

"Atakataa. Ninajua hata atakavyokaa akikataa."

Wakacheka. Kisha nikawauliza lile lililokuwa linaninyima raha tangu siku ya fomu. "Mlisema familia itakaa pamoja milele. Ni mume wangu na mimi tu, au na baba yake?"

"Familia yote, mukwai! Na baba yake, na mama yake, na babu zake, vizazi vyote." Yule Mzambia alikunjua mikono kama mtu anayefungua mapazia.

"Na mama mkwe?"

"Na mama mkwe."

Nikamenya karanga moja kwa ajili ya hilo. Mama mkwe wangu alikuwa akionja mboga yangu kisha anaita mbwa. Lakini mama mkwe ningeweza kumvumilia. Milele ni ndefu, pengine atachoka. Nilikuwa na swali kubwa zaidi.

"Na mimi nitajificha wapi?"

Hawakuelewa. Nikawaeleza habari ya ghala, na jiko, na mgomba. Nikawauliza kama huko mbinguni kuna kona. Wale vijana wakatazamana. Yule mwingine, aliyekuwa msemaji haba, akajibu kwa upole kabisa:

"Bibi, huko hayo yote yatakuwa yamekwisha. Utakaa naye meza moja. Utamwita kwa jina lake."

Aliniita Bibi, si Dada. Nilijua amesema kwa moyo. Alidhani ananipa zawadi. Nami nilikaa pale nikiwa na ganda la karanga mkononi, nikajiona nimeketi meza moja na mzee yule, namtazama machoni, namwita kwa jina, namwomba anipitishie chumvi. Nikaona aibu hadi masikioni, kama niliyevuliwa nguo sokoni.

Watu hufikiri mtu huacha dini kwa sababu ya hoja nzito. Wapo, nao wana haki yao. Mimi niliacha kwa sababu ya meza. Miaka kumi na mitano nilipojificha, yule mzee naye alikuwa akijificha kwa ajili yangu: alikohoa kabla ya kufika, akapita mbali, akaacha kuni alizokata nyuma ya jiko langu bila kusema neno. Hatukuwahi kuongea hata siku moja, na sikuwahi kukosa kuni. Ile ndiyo iliyokuwa familia yangu. Hiyo ya mezani ilikuwa ya watu wengine waliovaa sura zetu.

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani. Nikachemsha chai, nikaweka majani mengi kuliko inavyostahili, nikainywa mlangoni ili kila mtu aone. Wale vijana walikuja mara tatu kunisihi, na mara zote tatu wakaniosha vyombo. Walipohamishwa kituo kingine niliwapa karanga za safari. Sikuwachukia. Mtu anaweza kuwa mwema na bado akawa amekosea kuhusu chumvi.

Mwanangu aliendelea kwenda. Ile salamu nayo ikaendelea, asubuhi baada ya asubuhi, karibu mwaka mzima. Safari ya hekaluni ikaahirishwa, kwanza kwa sababu ya pasi, kisha sikuambiwa sababu.

Kisha Jumamosi moja alasiri aliingia jikoni kwangu, akainama chini ya mlango, akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama," akasema, "kuna chai?"

Mama mwenye akili humimina kwanza. Alikunywa vikombe viwili kabla ya kusema, na alizungumza akilitazama sufuria.

Alikuwa amesoma katika simu. Alikuwa amekuta kwamba zamani, kwa muda mrefu, kanisa lile halikuwapa watu weusi ukuhani wake, na kwamba hilo lilibadilishwa baadaye, wazee wengi wa leo wakiwa tayari wamezaliwa. Alikuwa amekwenda kuuliza, na hawakukana. Walimjibu vizuri, na mmoja alilia naye.

"Basi shida ni nini, kama walilibadilisha?" nikauliza.

"Mama, mimi ni mtu wa nyaraka. Mzigo unaweza kuwa na dosari. Mizigo yote ina dosari. Lakini unanionyesha karatasi zote kabla sijaweka sahihi. Ukurasa ule haukufichwa, ulikuwa wazi kwa yeyote atakayeutafuta. Ila hakuna aliyenifunulia, na mimi niliweka sahihi."

"Na mkeo?"

"Yeye anabaki. Anasema hakwenda kule kwa ajili ya kurasa; alikwenda kwa ajili ya wanawake waliompikia."

"Ana haki."

"Ana haki," akakubali. Kisha akakiweka kikombe chini. "Lakini kuna jambo, Mama. Nimeiacha fomu, ila ile nafasi haijaondoka. Zamani niliitaka ili nimvushe babu. Sasa sina pa kumvushia. Nataka tu kujua mimi ni mjukuu wa nani. Ukiondoka wewe, hakuna tena wa kumwuliza." Akasimama. "Sikulazimishi. Nilikukosea nilipokusemesha kama dereva."

Akatoka. Nilikaa na kile kikombe chake. Angenilazimisha, ningeweza kukataa hadi kufa. Kuombwa radhi ndiko kulikonishinda.

Nikafikiri siku kadhaa, nikalichunguza katazo lile upande hadi upande, kama mtu anavyochunguza mtungi kabla ya kuununua. Shangazi wa mume wangu alisema nisilitamke. Alikataza mdomo. Kuhusu mkono hakusema kitu, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kushika kalamu.

Nikamwita mjukuu wangu. "Nifundishe herufi."

"Zipi, Bibi?"

"Zote."

"Mbona zote? Jina lina herufi chache tu. Nitajie hizo, tumalize leo."

"Ili uzikusanye ukalipate kabla ya baba yako? Zote, mke mwenzangu, hata zile zisizotumika."

Tulijifunza masika yote, mimi na goti langu. Kalamu ni nyepesi kuliko jembe lakini inachosha zaidi. Mwalimu wangu alinisema kwa kupindisha mistari, akaniambia herufi yangu moja inafanana na kuku aliyekanyagwa. Nilimwacha aseme. Aliye shuleni hana cheo. Mimi nilishawahi kuwa dada wa wazee, nimezoea.

Jumapili moja, mkwe wangu alipokuwa amerudi kutoka kanisani akiwa bado na kitenge chake kizuri, niliwaita wote uani. Nikampa mwanangu karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimeiandika alfajiri, peke yangu, na nilichana nane kabla ya kuipata hiyo.

Akaikunjua. Midomo yake ikaanza kucheza, kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la kwanza.

"Usisome kwa sauti!" nikamwambia.

Lakini mtu hasubiri miaka arobaini kisha akasoma kimya. Akalitamka. Akalitamka lote, wazi, kwa sauti ya baba yake, katikati ya ua wangu.

Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta nyuma ya jiko, nimechuchumaa, khanga imefunika kichwa, goti linalia, moyo unapiga kama siku nilipokuwa bibi harusi. Nilikuwa nimelisikia mara moja tu maishani, kwa kunong'onezwa. Sasa mzee mwenyewe alikuwa anapita uani, naye hakukohoa.

Nikasikia hatua nyepesi. Mkwe wangu alikunja kitenge chake kizuri akachuchumaa kando yangu, mavumbini. Alikuwa na ile fomu ya matawi mkononi.

"Mama, niliandike?" akanong'ona.

"Jina nimeshawapa. La kufanya nalo si langu." Nikafikiri kidogo. "Utampeleka majini?"

"Ningependa kumwuliza kwanza."

"Utamwulizaje?"

"Sijui, Mama. Na mimi ni mke katika ukoo wake. Simtazami usoni."

Akaikunja fomu, akaikalia ili isipeperushwe na upepo. Kule uani mwanangu alikuwa akilirudia jina, na binti yake akilirudia baada yake, wakilipokezana kama watu wanaojaribu kiatu kipya. Tulijibana ukutani.

"Ameshapita, Mama?"

"Bado," nikamwambia. "Tulia."